Bisibisi Aliyonyimwa Zefania

Methali ya vyaelea vimeundwa huwafikia watu wengi nusu. Sehemu ya kuelea wanaisikia, ile ya kuundwa wanaiacha ipite. Maana yake ni kwamba kila kitu kizuri unachokiona kimesimama kwa mwenzako kina mikono iliyokitengeneza, kina siku zilizokwenda, kina mboga iliyopunguzwa chunguni ili kipatikane. Asiyelijua hilo huona wivu, na wivu ni kama moto wa pumba. Hautoi mwali, lakini ukija kushtuka lundo zima limekuwa majivu. Hayo ndiyo yaliyomkuta Editha wa Mandewa, hapa Singida mjini, na kila mama mwenye mtoto anayekua na ayasikilize mpaka mwisho.

Editha alikuwa mjane msafi, na mikono yake ilijua kufuma vitambaa kuliko mikono yote ya mtaa ule. Sebuleni kwake hakuna kilichokaa uchi. Makochi yalivaa, meza ilivaa, redio ilivaa, na hata mtungi wa maji ulikuwa na kofia ya nyuzi yenye shanga pembeni. Rimoti ya televisheni ilikuwa bado ndani ya nailoni tangu ilipotoka dukani. Upepo wa Singida mnaujua. Wakati wa kiangazi haupigi hodi, huingia na vumbi lake jekundu na kukaa juu ya vitu kama mgeni asiyejua kuaga. Editha alipigana na vumbi hilo kama wengine wanavyopigana na ngedere shambani.

Kwa hiyo kaka yake Paskali alipomletea mpwa wake Zefania, mwana wa Editha, kompyuta ya gemu kutoka Arusha, ile inayouzwa ikiwa imeshaundwa na kufungwa skrubu zake tayari, jambo la kwanza alilofanya Editha ni kuifumia nguo. Alifuma kitambaa cheupe chenye ua la njano la alizeti katikati, kikafunika juu na kushuka pande zote mpaka karibu na miguu. Nailoni ya kioo cha ubavuni hakuibandua. Juu ya yote akaweka maua ya plastiki. Jirani yake Febronia, mama wa binti aitwaye Dina, alipokuja kuitazama alipiga kofi moja la mshangao, akasema hii sasa si kompyuta tena, ni bibi harusi.

Enzi hizo wawili hao walikuwa chanda na pete. Walichambua mlenda pamoja uani wakizungumza Kinyaturu chao. Kuku wa Editha akikataa kuatamia, mayai yalipelekwa chini ya kuku wa Febronia, na vifaranga wakatoka wakagawanywa bila mtu kununa. Zefania naye alianza kujipatia riziki. Watoto wa mtaa walikuja baada ya shule kucheza mpira wa kwenye kompyuta, na siku za kipaimara na harusi alikata na kuunganisha video za watu. Editha alipenda kusimama mlangoni akilitazama lundo la ndala za watoto. Kwake lundo lile lilikuwa sifa ya nyumba.

Dina hakuwa na mjomba Arusha. Alichoanza nacho ni kasha tupu, sanduku la bati lenye kioo upande mmoja, halina kitu ndani hata waya. Lilikaa juu ya kabati la mama yake miezi minane, na siku moja kuku mweusi wa Febronia akaruka, akaingia, akataga humo. Editha alicheka siku ile mpaka akajifuta machozi kwa pindo la kanga.

"Mama Dina," alisema, "umemnunulia mtoto kompyuta au kiota?"

Febronia alicheka naye, lakini macho aliyainamisha chini. Tangu hapo, kila alipouza kuku kwa wachuuzi wanaowapeleka Dodoma, kifurushi kidogo kilishuka kwenye basi. Mara pawa ya kuvuta umeme, mara ubao mkuu ambao vijana wanauita madabodi, mara feni, mara kadi ya picha. Miaka ikaenda, karibu mitatu. Vifurushi vyote hivyo vilipita mbele ya mlango wa Editha, naye alikuwa akifuma, hakuinua hata kichwa.

Siku kompyuta ya Dina ilipowaka, iliwaka kweli. Taa za bluu na zambarau zilionekana dirishani hata jua likiwa kali. Na kama vile dunia ilikuwa ikisubiri siku hiyo, kompyuta ya Zefania ikaanza kuugua. Mtoto anakimbia na mpira, amebaki na golikipa peke yake, picha inaganda. Inanguruma kama mashine ya kukamua alizeti, kisha inazima yenyewe. Watoto wakavumilia, wakalia, wakahama. Ilipofika Agosti, upepo ukiwa umepamba moto, mlangoni kwa Editha kulikuwa na ndala jozi mbili, na moja ilikuwa ya Zefania mwenyewe.

Hapo ndipo jino la wivu lilipomng'ata. Editha alihamishia kigoda chake karibu na ua wa michongoma, akafuma huku jicho moja likiwa mlangoni kwa Febronia, kwenye ndala za watu. Kila jozi aliyoitambua ilimchoma. Febronia akimsalimia, alijibu "salama" kama anayemfukuza mbuzi. Mayai yake aliyokuwa ameyaatamisha kule aliyafuata mwenyewe, yakiwa ya moto bado, akayatia kwenye kikapu na yote yakaharibika. Dina akicheka na wateja wake, Editha alisikia anachekwa yeye. Usiku hakuna alichoota, mchana ndipo alipoota, macho makavu, taa za bluu na zambarau zikizunguka mbele yake.

Katikati ya hali hiyo likaja jambo la maana. Bwana Kamran, mwenye duka la simu na betri pale mjini, duka alilolirithi kwa babu yake, alikuwa anafungua chumba cha gemu nyuma ya duka. Alitaka kijana mmoja wa kukisimamia, wa mshahara kila mwezi, ambaye pia angepelekwa Dodoma kusomea ufundi wa kompyuta. Zefania aliwahi kumtengenezea video ya harusi ya binti yake, na Dina aliwahi kumrekebishia mashine ya risiti. Akawaita wote wawili waje Jumamosi ya wiki ya pili, achague mmoja.

Zefania alirudi nyumbani na habari hiyo, akakaa mbele ya kompyuta yake kama mtu anayemtazama mgonjwa. Alimweleza mama yake kwamba njia ziko mbili. Ya kwanza ni kuiongezea nguvu hii hii, kubadilisha kadi ya picha na kuongeza kumbukumbu. Ya pili ni kuiacha na kuunda nyingine toka mwanzo, kama Dina alivyofanya. Alisema hajui ipi ni sahihi kwa sababu hajui ndani kuna nini.

"Naomba bisibisi ya baba, ile ya nyota," alisema. "Niifungue kwanza."

Marehemu baba yake alikuwa fundi baiskeli. Vifaa vyake, bisibisi, spana, na pampu ya upepo, Editha alivifungia ndani ya sanduku lake la nguo wiki ya mazishi, na ufunguo aliuvaa shingoni.

"Kitu cha dukani hakifunguliwi," alijibu. "Walioifunga walikuwa na akili zao. Wewe ukaifungue kama nani?"

"Mama, Dina anasema huenda ni vumbi tu. Kasema atakuja tuifungue pamoja, na hataki kitu."

Jina hilo lilimwingia Editha kama pilipili jichoni. Akauliza kumbe siri ya nyumba yake imeshavuka ua. Akasema asiyetaka kitu ndiye anayetaka vyote, na kwamba binti yule amewachukua watoto, sasa anataka aje aimalizie na mashine yenyewe, ili Jumamosi abaki peke yake. Kesho yake Zefania alikwenda Sepuka kumsaidia bibi yake kupiga alizeti, akakaa siku tatu.

Siku tatu zilimtosha Editha. Aliivua kompyuta kile kitambaa, akakikunja na kukibana kwapani, akaibeba hadi kwa fundi mmoja karibu na soko, kijana mcheshi aliyebana kalamu sikioni. Alimwambia anataka kuundiwa mpya, ya zamani atamwachia, na zaidi ya hapo atampa kuku kumi na wanne, jogoo wake wa mbegu akiwa miongoni mwao. Fundi akamuuliza itafanya kazi gani.

"Iwake," alisema Editha. "Iwe na taa kuliko ya mama Dina."

Fundi yule hakuwa mwizi, tusimsingizie. Alimweleza kwamba kwa alichonacho, taa zikizidi nje, nguvu itapungua ndani. Alimshauri hata hiyo ya zamani waifungue kwanza waone. Editha akapunga mkono. Mtu mwenye wivu hana masikio, ana macho tu.

Zefania aliporudi alikuta mezani kasha jeusi lenye kioo cheusi, taa zikikimbizana juu, chini na pembeni, na mapazia yamefunguliwa wazi ili jirani aone. Kasha hili halikuvishwa kitambaa, maana taa zisingeonekana. Kijana alizunguka meza mara moja. Aliuliza ile nyingine iko wapi, akaambiwa. Hakugomba. Aliketi akaicheza nusu saa, taa zikirukaruka kama ngomani, picha ikijikokota kama mtu aliyeazima viatu visivyomtosha. Kisha akaizima akatoka nje.

Jumamosi ikafika. Bwana Kamran alikuwa amewaambia vijana waje mikono mitupu, lakini Editha hakukubali. Alilifunga kasha lake kwenye blanketi, akapanda nalo bajaji, akaingia nalo dukani kifua mbele. Febronia alikuwepo amekaa kwenye benchi, kanga begani. Editha akachagua kusimama.

"Shikamoo, mzee," vijana walisema pamoja.

"Marahaba, wanangu." Bwana Kamran aliutazama mzigo wa Editha, akautazama unavyometameta Editha alipoufunua na kuuchomeka kwenye umeme. "Nzuri sana, mama. Ungeileta harusi ya binti yangu tusingekodi taa. Lakini leo siihitaji, iweke pale pembeni."

Kisha akavuta shuka lililofunika meza. Chini yake kulikuwa na kompyuta moja, na Editha akaitambua. Kwenye kioo cha ubavu kulikuwa na nailoni iliyochanika kona, na kona hiyo ilikuwa imebanwa kwa gundi aliyoipaka yeye mwenyewe kwa kidole chake. Zefania naye aliiona. Mama na mwana walitazamana.

"Hii nimeinunua kwa fundi wa sokoni kwa bei ya kutupa," alisema Bwana Kamran. "Ukiiwasha inakwenda robo saa, halafu inaganda. Nataka mnieleze, niinunulie vitu vipya niitilie, au niitupe niunde nyingine? Atakayenijibu kwa hoja ndiye wangu."

Alianza Zefania, maana ndiye mkubwa. Aliwasha, akaweka sikio, na akaeleza kila tabia ya ile mashine kama mtu anayemweleza ndugu yake. Alisema itanguruma dakika ya kumi, na ikanguruma. Alisema sasa picha itaruka mara mbili ndipo igande, na ikawa. Bwana Kamran alivutiwa, akamuuliza basi tatizo ni nini.

Kijana alishika ukingo wa meza. "Tabia yake naijua, mzee," alisema. "Tumbo lake silijui. Sijawahi kulifungua."

Ikawa zamu ya Dina. Binti alitazama nailoni, akatazama gundi, akamtupia Editha jicho moja fupi kisha akaliondoa. Aliomba vitu viwili, bisibisi ya nyota na pampu ya baiskeli. Skrubu nne zikatoka, ubavu ukafunguka, na watu waliokuwa karibu wakarudi nyuma. Ndani kulikuwa kwekundu kama barabara ya vumbi ya Issuna. Vumbi lilikuwa limelala tabaka juu ya tabaka, na Dina alilibandua kama mtu anayeondoa ukoko chunguni. Kisha akaingiza vidole viwili kwenye feni, akavuta. Ukatoka uzi mweupe. Akavuta tena, ukazidi kuja, umejiviringa kwenye mhimili wa feni kama utumbo wa kuku, na mwisho wake ulikuwa wa njano, njano ya ua la alizeti.

Editha aliutambua uzi wake. Miaka yote ile, pindo la kitambaa chake lilikuwa likinyonywa kidogo kidogo kwenye matundu ya mashine, na yeye kila lilipofumuka alilifuma upya, akilaumu panya.

Dina alipuliza kwa pampu, akafuta, akapaka dawa kidogo ya kupoza joto, ya palepale dukani, kwenye sehemu inayochemka, akafunga. Kompyuta ikawashwa. Robo saa ikapita, nusu saa ikapita, wateja wa simu wakaja wakaondoka, na mpira kwenye kioo uliteleza kama mafuta.

"Haya, ninunue nini?" aliuliza Bwana Kamran.

"Usinunue kitu, mzee. Usiitupe wala usiunde nyingine. Iache ipumue tu."

Mzee yule akamuuliza amejifunzia wapi. Dina alisema hakufundishwa na mtu. Kompyuta yake aliiunda kipande kwa kipande, na alikosea zaidi ya alivyopatia. Madabodi ya kwanza aliiunguza kwa kuchomeka waya vibaya, akalia wiki nzima, na mama yake akauza kuku wote waliobaki ili aanze tena. Editha aliikumbuka wiki ile. Alikisikia kile kilio ng'ambo ya ua, akadhani ni jino, akaongeza sauti ya redio.

Kazi alipewa Dina. Hapakuwa na mtu wa kulalamika.

Watu walipoanza kutoka, Febronia aliinama karibu na meza kama anayefunga kiatu. Aliuokota ule mviringo wa uzi mweupe na njano, akaufundika kwenye pindo la kanga yake kabla mtu hajauliza ni wa nani. Mtaani hapakuwa na asiyeujua ufumaji wa Editha. Nje, kwenye kivuli cha ukuta wa duka, aliufundua na kumtia Editha kiganjani.

"Chukua uzi wako, mama Zefania," alisema taratibu. "Sikutaka wakausome."

Editha aliufumba uzi kiganjani. Tusi angelijua pa kuliweka, lakini sitara ile ilimlemea. Ndani ya bajaji, kasha likiwa mapajani mwao, Zefania alisema bila kupandisha sauti, akitazama barabara.

"Mama, mimi nilikuomba bisibisi tu."

Nyumbani Editha aliuvua ufunguo shingoni. Alifungua sanduku la nguo, akatoa bisibisi ya nyota na ile pampu ya upepo, akampa mwanawe kwa mikono miwili. Zefania akalifungua kasha jeusi palepale mezani. Ubavu ulipotoka, taa zikiwa zimezimwa, waliona vyote vilivyokuwemo: kibao kidogo pembeni, waya tatu, feni moja. Sehemu iliyobaki ilikuwa nafasi tupu, safi, pana.

Editha aliitazama nafasi ile. Kisha akatoka, akapita penye ua wa michongoma alipokuwa akichungulia majira yote, akasimama mlangoni kwa jirani yake katikati ya ndala za watoto.

"Mama Dina," aliita, "njoo uone. Nimemnunulia mtoto kiota."

Febronia alikuja. Alichungulia ndani ya kasha, akamchungulia mwenzake usoni, na hakucheka mpaka Editha alipocheka kwanza, kicheko kilichochanganyika na machozi. Jumatatu yake Zefania alivuka ua akiwa na bisibisi ya baba yake mfukoni, akamwomba Dina amfundishe saa za jioni baada ya kazi, kabla hajaenda masomoni. Zefania hakwenda Dodoma. Nafasi ile ilikuwa moja, na ilikuwa imekwisha kupata mwenyewe. Mpaka leo Editha akiona basi la Dodoma likiondoka stendi, hugeuza uso.

Basi mama mwenzangu, ukiona dirisha la jirani linang'aa, usikimbilie kuuza jogoo. Kaulize liliwashwaje, na mtoto wako akikuomba bisibisi, mpe, kwa maana vyaelea vimeundwa.